Injini imesukwa upya, kulanti (maji ya kupoza injini) inaingia kwenye oili, kompresheni iko sawa. Nianzie wapi?

Rula_ya_Chuma

Wakuu habari. Naomba tusaidiane kupanga hatua kabla sijafungua hedi (kichwa cha silinda) kwa mara ya pili.

Injini ni ya petroli, silinda 4 za mstari, bloku ya chuma na hedi ya alumini. Cheni ya taimingi iko mbele ndani ya kava ya alumini. Pampu ya maji imefungwa kwenye kava hiyo hiyo, kwa hiyo maji yanapita ndani ya kava ndipo yaingie kwenye bloku. Kuna kipoza oili kidogo kinachokaa kati ya bloku na filta.

Kazi iliyofanyika: silinda zimechongwa kwa ovasaizi ya 0.50 mm na kuwekewa pistoni zake, kranki imesagwa 0.25 mm na kuvalishwa beringi mpya, hedi imesawazishwa kwa mashine, gasketi zote ni mpya. Gasketi ya hedi ni ile ya chuma yenye matabaka. Bolti za hedi ni mpya, zimekazwa kuanzia katikati kwenda nje kwa hatua za kitabu cha injini.

Dalili: imewashwa mara nne, jumla kama dakika 50. Oili kwenye kijiti ina rangi ya chai ya maziwa na kimo kimepita alama ya juu. Maji yamepungua kama lita 0.8, lakini chini ya gari hakuna hata tone. Kompresheni ni bar 12.1, 12.3, 12.0 na 12.2. Plagi ni kavu na zina rangi moja. Ikishapata moto haitoi moshi mweupe. Ndani ya rejeta sioni mapovu wala utando wa oili.

Kila ninayemuuliza anasema "gasketi ya hedi, fungua". Inawezekana ni kweli, ila nataka kujua maji yanapita wapi kabla ya kulegeza bolti hata moja.

Toki_Renchi

Mkuu, sentensi yako ya mwisho kwenye dalili ndiyo yenye uzito kuliko zote: ndani ya rejeta hakuna oili. Shika hapo.

Angalia presha za pande mbili. Injini ikiwa moto na inazunguka, oili iliyo kwenye njia zake iko kwenye bar 3 hadi 5, wakati maji hayazidi bar 1 na kidogo kwa sababu mfuniko wa rejeta unafunguka hapo. Ukiwa na tundu kati ya njia ya oili yenye presha na njia ya maji, mwenye nguvu ndiye anayemsukuma mwenzake: oili inakwenda kwenye maji injini ikinguruma. Ukizima, presha ya oili inaisha mara moja lakini maji yanabaki na presha mpaka yapoe, na hapo maji ndiyo yanayoingia kwenye oili. Kwa hiyo tundu la aina hiyo huchafua pande zote mbili. Kipoza oili kilichotoboka huwa hivyo, na gasketi iliyoachia kwenye tundu la oili inayopanda hedi huwa hivyo pia.

Kwako maji yanakwenda kwa oili na oili hairudi. Maana yake yanaangukia mahali ambapo oili haina presha: ndani ya kava ya cheni, kwenye matundu ya oili kurudi sampu (bakuli la oili chini ya injini), au moja kwa moja chini ya bloku. Kompresheni iliyo sawa na plagi kavu zinatuambia pia kwamba hayapitii kwenye chemba ya mwako. Umeshapunguza eneo la kutafuta kwa zaidi ya nusu bila kufungua kitu.

Sasa hatua zenyewe.

Kwanza thibitisha kwamba ni kulanti. Injini iliyotoka kuoshwa na kuwashwa kwa muda mfupi mfupi inaweza kutengeneza povu jeupe chini ya mfuniko wa oili kutokana na unyevu tu. Iache ikae usiku kucha bila kuwashwa, weka chombo safi kinachopitisha mwanga, kisha legeza nati ya sampu polepole bila kuitoa. Kulanti ni nzito kuliko oili, hivyo ile ambayo haijavurugika itatangulia kutoka, na rangi yake utaiona. Mwaga yote, pima. Kama uliweka lita 4.0 na imetoka karibu 4.8, basi maji yote yaliyopotea yako humo na huna haja ya kutafuta mvujo wa nje.

Pili, pima presha ya mfumo wa maji injini ikiwa baridi. Jaza maji kabisa na toa hewa yote, kwa sababu hewa iliyobaki inadanganya geji. Funga pampu ya kupimia kwenye mdomo wa rejeta, panda hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, usizidishe. Mifuniko mingi ina 0.9 au 1.1. Weka alama ya kalamu kwenye geji pale sindano ilipo, subiri dakika 30. Ikishuka bila kuonekana tone nje, acha presha hapo hapo uende hatua ya tatu.

Tatu, toa sampu. Najua kwenye magari mengine ni kazi, lakini ni nyepesi kuliko kutoa hedi, na inakupa jibu la macho. Futa kila kitu chini mpaka kikauke, paka poda nyeupe kwenye kuta za chini za bloku na upande wa ndani wa kava ya cheni, tandaza karatasi kavu chini, pandisha presha tena. Tone la kwanza likianguka usikimbilie kufuta. Fuata mstari wake kwenye poda kwenda juu. Likitoka mbele kwenye cheni, ni kava au kona ya mbele ya hedi. Likitoka kwenye tundu la oili kurudi, liko juu kwenye hedi. Likitokea kwenye ukuta wa silinda chini, tatizo liko kwenye bloku yenyewe.

Kama baridi haitoi kitu, rudia kwa maji ya moto ya kama nyuzi 80. Ufa wa alumini unaweza kujifunga ukiwa baridi na kufunguka ukipata joto.

Chuma_na_Alumini

Nakubaliana na hatua za Toki, ila nisingependa mtu asome hapo juu akadhani gasketi ya hedi imetoka kwenye orodha. Gasketi ya hedi haizuii mwako peke yake. Ina matundu ya maji, tundu la oili yenye presha, matundu ya oili kurudi, na kwenye injini ya cheni kama hii ina uwazi mkubwa mbele ambapo cheni inapita. Ikiachia kati ya tundu la maji na uwazi wa cheni, maji yanateremka kwa cheni hadi sampu, na kompresheni inabaki bar 12 kama kawaida. Anayepima kompresheni akasema "gasketi nzima" amepima ringi za moto tu, yaani pete za gasketi zinazozunguka silinda.

Kipoza oili nacho kikague hata kama dalili zinakitetea, kwa sababu ni kazi ya dakika 20. Chomoa mipira miwili ya maji kwenye kipoza, iunganishe yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba, kisha pima presha ya mfumo tena. Ikikaa, umepata. Ikishuka vile vile, kipoza hakina kosa. Ukitaka kukipima chenyewe, ziba upande mmoja, ingiza hewa ya bar 2 upande wa pili, kizamishe kwenye maji ya moto uangalie mapovu.

Na jaribio la kimiminika cha bluu kwenye mdomo wa rejeta lifanye pia. Kikigeuka njano kuna gesi ya mwako ndani ya maji. Kikibaki bluu, unakuwa na ushahidi wa pili unaolingana na kompresheni yako. Usiache maji yafike kwenye kifaa, yanaharibu kipimo.

Mstari_wa_Kranki

Naongeza kwa wenye injini za aina nyingine, maana uzi huu utasomwa na wengi na chanzo hubadilika kulingana na jinsi bloku ilivyojengwa.

Injini ya laina (silinda za kuvalishwa ndani ya bloku) zinazoguswa na maji: mtuhumiwa wa kwanza ni oringi za chini za laina. Oringi ikivalishwa ikajikunja, au laina ikisukumwa kavu bila kilainisho kinachofaa mpira huo, ukingo wa bloku unaikata kipande kama kucha. Utaona tone likichuruzika nje ya laina moja tu, chini kabisa. Ukitoa laina utakuta kamba ya mpira imenyofoka. Kabla ya kuweka oringi mpya, pitisha kidole kwenye mtaro wake. Kutu iliyochimba vishimo itavujisha hata oringi nzuri. Pima pia kimo cha laina juu ya uso wa bloku. Laina iliyozama kuliko jirani yake haibanwi na gasketi, na hapo oringi utabadilisha bure.

Injini ambayo matundu ya bolti za hedi yamefika kwenye njia ya maji: nyuzi za bolti hizo lazima zipakwe dawa ya kuzibia nyuzi. Zikifungwa kwa oili tu, maji yanapanda kwenye nyuzi hadi chini ya kichwa cha bolti, na kama kichwa kiko ndani ya kava ya tepeti (mfuniko wa juu ya hedi), yanaishia kwenye oili. Kinyume chake, tundu la bolti lisilotoboka upande wa pili likiachwa na maji au oili chini, bolti inapokazwa hugeuka pampu. Kimiminika hakibanwi, presha yake inapasua chuma kuzunguka tundu. Ufa huo hauonekani juu, na unaweza kuwa umeanza siku ile ile ya kufunga injini.

Silinda zilizochongwa sana: kwenye chuma kilicholiwa na kutu upande wa maji, kuchonga kunaweza kufikia vishimo vya kutu. Hapo plagi ya silinda husika haibaki kavu. Shusha pistoni chini kabisa, weka presha ya maji, ingiza kamera ndogo kwenye tundu la plagi uangalie ukuta. Tone dogo kama jasho linatosha kuwa jibu.

Cha mwisho, vizibo vya maji vilivyo ndani ya hedi chini ya kava ya tepeti. Hedi ikioshwa kwenye dawa ya moto vinaweza kulegea. Hivi vinaonekana kirahisi: fungua kava ya tepeti huku mfumo una presha, angalia kwa tochi.

Rula_ya_Chuma

Asanteni sana. Nimefuata kwa mpangilio.

Oili imekaa usiku mzima. Kilichotangulia kutoka ni kulanti ya kijani, safi kabisa, kama mililita 300, kisha uji. Jumla lita 4.7 dhidi ya 4.0 niliyoweka.

Kimiminika cha bluu hakijabadilika. Mipira ya kipoza nimeiunganisha pamoja, presha imeshuka vile vile: kutoka bar 1.0 hadi 0.6 ndani ya dakika 30. Chini ya kava ya tepeti ni kavu, vizibo ni vizima.

Nimetoa sampu. Bar 1.0, maji baridi: tone moja kila sekunde 40 hivi. Linaanguka mbele, upande wa kulia wa gia ya kranki, linateremkia kwenye reli ya cheni. Nimeingiza kamera kwenye mdomo wa oili nikaangalia chini kando ya cheni: ukuta wa kava umelowa kuanzia juu kabisa, si kuanzia usawa wa pampu ya maji.

Kwa hiyo ni juu mbele. Ni gasketi ya kava au ya hedi?

Toki_Renchi

Kazi safi. Kama kungekuwa na kosa kwenye tundu la maji la kava na bloku, poda ingelowa kuanzia usawa huo kwenda chini, na juu pangekuwa pakavu. Kulowa kuanzia juu kunaonyesha mahali ambapo hedi, bloku na kava vinakutana.

Swali moja kabla hujafungua: uso wa juu wa bloku uliguswa na mashine? Hukuutaja. Na kama uliguswa, kava ya cheni ilikuwa wapi wakati huo?

Rula_ya_Chuma

Ndiyo, bloku imesawazishwa juu, karatasi ya mashine inasema 0.20 mm. Kava haikupelekwa, ilibaki na vitu vingine vya nje.

Toki_Renchi

Basi nina imani kubwa kwamba umefika.

Kwenye injini hii hedi haikalii bloku peke yake. Sehemu ya mbele ya gasketi inakanyaga ukingo wa juu wa kava ya cheni. Kiwandani bloku na kava huwa usawa mmoja. Ukipunguza bloku 0.20 mm na kava ikabaki na kimo chake cha zamani, kava inachomoza juu ya bloku kwa 0.20 mm. Ukikaza hedi, inagonga kava kwanza. Bolti za nyuma zinaivuta ikae, lakini kona za mbele zinabaki zimeinuliwa kidogo. Gasketi ya chuma ya matabaka inaziba kwa mikunjo yake midogo iliyokandamizwa. Haina unene wa kujaza nafasi. Ringi za moto za silinda ya 1 zimezungukwa na bolti kwa karibu, ndiyo maana zimebanwa na kompresheni ni nzuri. Tundu la maji la kona ya mbele liko mbali na bolti, jirani kabisa na uwazi wa cheni. Hapo ndipo maji yanapopita.

Ukitoa hedi, usipanguse kitu chochote kwa saa ya kwanza. Piga picha gasketi pande zote mbili. Tafuta kona ambayo mkunjo haujaacha alama kwenye alumini, na njia iliyooshwa safi kutoka tundu la maji kwenda kwenye cheni. Kisha chukua kipande kifupi cha chuma kilichonyooka, kibane kwa kidole juu ya ukingo wa kava huku kikining'inia juu ya bloku, pitisha fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) chini yake. Pima kulia na kushoto, kwa sababu mashine huenda haikuondoa sawasawa.

Chuma_na_Alumini

Hedi ikiwa nje, hakikisha nayo. Weka rula iliyonyooka pande sita: urefu mara mbili, upana mara mbili, na pembe kwa pembe mara mbili. Fila ya 0.05 mm isipite. Kisha angalia ulaini wa uso wenyewe. Gasketi ya chuma inahitaji uso laini sana. Iliyo salama ni Ra (kipimo cha ukwaruzo wa uso) ya mikroni 1.3 au chini yake. Ukipitisha ukucha ukasikia mistari ya kisu cha mashine, uso huo ulikatwa kwa ajili ya gasketi za zamani za karatasi ngumu, na utavujisha hata ukirekebisha kava. Usiusugue kwa pedi ya kuzunguka. Pedi hizo zinachimba alumini na kumwaga vumbi la kukata ndani ya njia za oili, na beringi mpya hazilivumilii.

Rula_ya_Chuma

Hedi iko nje. Kava imechomoza 0.18 mm kulia na 0.15 mm kushoto. Kona ya mbele kulia mkunjo wa gasketi haujaacha alama kwa urefu wa kama 25 mm, na kuna njia nyeupe safi kutoka tundu la maji hadi kwenye uwazi wa cheni. Kushoto alama ipo ila ni hafifu. Hedi imenyooka, fila ya 0.05 haipiti popote, na uso ni laini.

Naweza kuishusha kava kwa tupa ikiwa bado imefungwa? Na oili iliyochafuka, beringi zina dakika 50 tu, je, zitafaa?

Chuma_na_Alumini

Tupa hapana, mkuu. Itaviringisha ukingo na vumbi la alumini litaangukia kwenye cheni na pampu ya oili. Toa kava, ipelekwe kwenye mashine, ikatwe juu kwa vipimo vyako vya pande mbili, yaani 0.18 na 0.15, ifungwe kwa mteremko huo. Ikirudi ifunge na gasketi yake mpya na pini zake za kuelekeza, kaza bolti zote, pima tena kwa fila. Inatakiwa iwe usawa wa bloku au chini yake kwa 0.05 mm, isizidi kwenda juu hata kidogo. Ile nafasi ndogo iliyobaki chini inazibwa na silikoni. Kuchomoza hakuna dawa ya kukuziba.

Wakati wa kufunga, matundu ya bolti yasafishe kwa kuzungusha tepu ya nyuzi (chuma cha kukatia na kusafishia nyuzi) kwa mkono, kisha puliza hewa mpaka chini. Futa nyuso zote kwa kitambaa chenye spiriti, usiguse tena kwa vidole vyenye oili. Silikoni weka mahali pawili tu: kwenye viungo viwili ambapo bloku inakutana na kava, tone lenye upana wa kama 3 mm, juu na chini ya gasketi. Usipake gasketi nzima, mikunjo yake inahitaji kugusa chuma. Shusha hedi wima bila kuisogeza sogeza, kaza kabla silikoni haijaanza kushika ngozi. Gasketi na bolti mpya tena: bolti za kukazwa kwa digrii zimeshavutika mara moja. Kama kitabu kinataka oili kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa, ipake. Bolti kavu inasoma toki (nguvu ya kukaza) kubwa huku ikibana kidogo.

Kwa kuwa bloku na hedi zote zimepungua, kagua pia nafasi ya valvu na pistoni kwa udongo laini juu ya pistoni ya 1: zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata udongo upime unene wake kwenye alama za valvu.

Mstari_wa_Kranki

Kuhusu oili, hili lisicheleweshwe kwa sababu kulanti inaharibu ikiwa imetulia pia. Kuta za silinda zilizotoka kwenye mashine hazina kinga, zinashika kutu upesi. Leo hii pangusa silinda na uzipake oili safi.

Kuna wanaosema uwashe tu, maji yatakauka kwa joto. Maji yanachemka kwa nyuzi 100, lakini glaikoli iliyo ndani ya kulanti inachemka karibu 197, joto ambalo sampu haifiki. Inabaki, inageuka asidi na gundi, inakula tabaka laini la juu la beringi na kuziba vitundu vidogo vya oili.

Sampu iko nje, kwa hiyo fungua kifuniko cha konrodi mbili na beringi kuu moja. Ziangalie kwenye mwanga mkali. Zikiwa na rangi ya kijivu iliyo sawa, rudisha kwa toki yake. Zikiwa na mabaka meusi, au tabaka limebanduka ukaona rangi ya shaba chini, badilisha seti yote. Kata filta ya zamani, kunjua karatasi yake, tafuta vipande vinavyong'aa.

Toa pia kichujio cha pampu ya oili ukioshe peke yake, uji mwingi hujificha humo. Fungua kipoza oili ukipulize. Ukishafunga kila kitu, weka oili ya bei ya chini yenye unene ule ule na filta mpya, zungusha injini kwa stata plagi zikiwa nje mpaka presha ionekane, kisha washa dakika 10 bila mzigo. Mwaga ingali moto. Rudia mpaka inayotoka haina weupe. Mara mbili au tatu hutosha. Filta badilisha kila mara. Usichanganye dizeli wala mafuta ya taa kwenye oili ya kuoshea, utando unakuwa mwembamba mno kwa ringi ambazo bado hazijalala. Na dawa za kuziba mvujo kwenye rejeta usizitie kabisa, zinaziba mirija ya hita na ya rejeta huku kona iliyoinuliwa ikibaki vile vile.

Toki_Renchi

Na ukimaliza kufunga hedi usirudishe sampu kwanza. Subiri silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, jaza maji ya kawaida, pandisha bar 1.0, tandaza karatasi kavu chini, uache usiku kucha. Asubuhi soma geji na karatasi pamoja. Geji ikishuka kidogo na karatasi ikiwa kavu, kagua klipu za mipira kabla ya kuishuku hedi.

Rula_ya_Chuma

Kava imekatwa. Baada ya kufungwa iko chini ya bloku 0.02 mm kulia na 0.03 kushoto. Udongo juu ya pistoni umeacha nafasi inayokubalika na kitabu. Beringi tatu nilizofungua ni za kijivu safi, filta haina chuma, ila kichujio cha pampu kilikuwa kimejaa uji nusu.

Usiku wa kwanza geji ilishuka kutoka 1.0 hadi 0.9, karatasi ikawa kavu. Klipu ya mpira wa hita ilikuwa imelegea. Nimeikaza nikarudia kwa saa 12: geji iko 1.0, karatasi kavu. Nikamwaga, nikajaza maji ya nyuzi 80, nikapandisha tena kwa saa moja na kuongeza hewa kidogo kila maji yaliponywea kwa kupoa. Reli ya cheni ni kavu hadi juu.

Sampu inarudi leo, kisha oili ya kuoshea ya kwanza.